Tatizo Liko kwa Mtumiaji

Tarehe 4 Agosti

Kwa Ndugu Msimamizi wa programu ya Ghala,

Habari za kazi. Mimi ni mtunza stoo ya dawa katika zahanati yenye vitanda tisa na jokofu moja. Huu ni mwaka wa tatu tunatumia Ghala, hii programu yenu huria, kujua dawa gani imebaki na ipi inakaribia kuisha muda. Imetupunguzia kazi kubwa, nawashukuru.

Nimeona kasoro. Tukiandika tarehe kwa mkono, hakuna shida. Lakini tukipakia orodha inayoletwa na msambazaji, Ghala inageuza siku kuwa mwezi na mwezi kuwa siku. Dawa inayoisha muda tarehe 11 mwezi wa pili inaonyeshwa kwamba ni nzima hadi tarehe 2 mwezi wa kumi na moja. Siku ikizidi kumi na mbili programu inasoma vizuri, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kushtuka.

Ukurasa wenu unasema yeyote anaweza kuchangia. Nilisoma kozi ya miezi sita ya kuandika programu, na kwa kuwa msimbo wenu, yaani maandishi ya ndani ya programu, uko wazi, nimeanza kuupitia. Naomba kuelekezwa nianzie wapi.

Wako katika kazi,
Mtunza Stoo


Tarehe 5 Agosti

Mtunza Stoo,

Timu imeipokea barua yako na kuisoma hadi mwisho, heshima ambayo hatumpi kila mtu.

Kila wiki tunapata mmoja kama wewe. Kamaliza kozi ya miezi sita, kaifanya kompyuta iandike "Habari dunia", basi keshajiona fundi, anakuja kututengenezea nyumba tunayokaa. Ghala inatumika katika zahanati zaidi ya mia nne. Kama ingekuwa inageuza tarehe, hudhani mtu mwenye akili zake angeshaona? Kagua macho yako, kisha orodha ya msambazaji wako, kisha rudia macho.

Unataka kuchangia? Upo mwongozo wa wachangiaji. Usome wote. Ukimaliza, tafuta kitu kinacholingana na kimo chako, kwa mfano makosa ya tahajia. Tarehe waachie wakubwa.

Msumari
kwa niaba ya timu


Tarehe 11 Agosti

Ndugu Msumari,

Nimesoma mwongozo wote, kurasa kumi na tisa. Ukurasa wa tatu unanituma kwenye anwani ambayo haipo tena. Ukurasa wa saba unanitaka niombe ruhusa kwa mtu ambaye ukurasa wa nane unasema alishaondoka. Ukurasa wa kumi na mbili umewekwa mara mbili, na wa pili unaubishia wa kwanza.

Ulinituma makosa ya tahajia. Nimepata arobaini na moja. Thelathini na nane yamo kwenye kurasa zenye saini yako. Nimeyasahihisha na kuyatuma jana kwa utaratibu uliomo kwenye ukurasa wa tano, ambao kwa bahati unafanya kazi. "Mchangiaji" haliandikwi "mchangajia", hata na wakubwa.

Tarehe bado zinageuka.

Mtunza Stoo


Tarehe 12 Agosti

Mwalimu wa Tahajia,

Nimeyapitisha. Hongera zako, sasa umo kwenye orodha ya wachangiaji, katikati ya jamaa aliyeongeza nukta na jamaa aliyeifuta. Waite ndugu zako mpige picha.

Kuhusu tarehe zako, nimejitolea dakika mbili za maisha yangu. Nimekaa, nikaandika tarehe 11 mwezi wa pili. Ghala ikaandika tarehe 11 mwezi wa pili. Nikarudia. Ikarudia. Sasa nifanye nini zaidi, nikuimbie?

Msumari


Tarehe 19 Agosti

Ndugu Msumari,

Uliandika kwa mkono. Mimi nilisema kasoro inatokea wakati wa kupakia orodha. Barua yangu ya kwanza, aya ya pili. Katika ile kozi yangu ya miezi sita kulikuwa na somo la kusoma kabla ya kujibu.

Naambatisha orodha halisi ya msambazaji, dawa hamsini na sita. Ipakie. Ishirini na moja zitageuka. Naambatisha pia rekebisho, mistari minane tu. Badala ya kubahatisha, programu itamuuliza mtu: orodha hii inaanza na siku au na mwezi? Basi.

Nakuomba sana ulipitie wiki hii. Nina sababu.

Mtunza Stoo


Tarehe 20 Agosti

Mtunza Stoo, au chochote ulicho,

Nimelikataa rekebisho lako. Mstari wa tatu umeingia ndani kwa nafasi nne, sisi tunatumia mbili. Hukuandika jaribio la kuthibitisha kwamba linafanya kazi. Na kumuuliza mtumiaji swali! Watumiaji hawa ninaowajua mimi, ukiwauliza wanapoanzia wataanza kulia.

Nami nikuulize. Wewe huna kazi? Barua zako zinaingia saa nne asubuhi, saa nane mchana, siku za kazi. Hiyo stoo inajitunza yenyewe? Mimi nakuambia hakuna stoo, wala jokofu, wala vitanda tisa. Wewe ni mwanafunzi unayetafuta kitu cha kujazia maombi ya kazi, umeona Ghala ni ngazi. Panda kwingine.

Nimeufunga mjadala huu, na maelezo ya kufungia ni yale yale ya siku zote: tatizo liko kwa mtumiaji.

Msumari


Tarehe 23 Agosti

Kwa dada nisiyemjua,

Samahani kukuvamia. Anwani hii nimeikuta kwenye kumbukumbu za mradi wa Ghala, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Msimamizi wao alinitupia maneno, "tatizo liko kwa mtumiaji", akasema ni yale yale ya siku zote. Nikajiuliza siku zote zipi. Nikayatafuta maneno hayo kwenye kumbukumbu nzima.

Yamo mara tatu kwa kasoro hii hii ya tarehe. Ya mwisho ni yangu. Ya katikati aliandikiwa mtu ambaye anwani yake imekufa. Ya kwanza, miaka sita iliyopita, uliandikiwa wewe. Ulijitaja kuwa karani wa dawa. Ulieleza vizuri kuliko mimi. Ukajibiwa kwa mstari mmoja, na baada ya hapo hukuandika tena.

Dada, ilikuwaje? Nauliza kwa sababu mimi nimesimamishwa kazi tangu mwisho wa Julai. Mama mmoja mgonjwa wa sukari alipewa insulini kutoka jokofu langu, iliyoisha muda mwezi wa pili. Kwenye kompyuta ilionekana nzima. Na boksi lenyewe sikulitazama, nikaitazama kompyuta. Alilazwa siku sita. Karatasi ya kutolea dawa ina saini yangu. Kikao changu ni tarehe 10 Septemba.

Yule bwana sijamwambia. Naona aibu, tena kwa mtu kama yule.

Mtunza Stoo


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, wateja wakaniuliza kama kuna msiba.

Ilikuwa hivi. Wakaguzi walikuja wakakuta katoni kumi na nne za dawa ya maji ya watoto, zote zimepitwa na muda, nami nimeziorodhesha kuwa nzima. Nikasema ni programu. Mkuu wangu akasema, "Programu haina mikono." Kikao kizima kikacheka. Tulikuwa watu ishirini na wawili mle ndani, wengine nilikuwa nakunywa nao chai kila siku. Nikaomba siku tatu niulize wenye programu waniandikie. Niliandika kwa adabu zote. Ule mstari mmoja ndio ulionirudia, na mkuu wangu aliusoma kwa sauti mbele ya wote: tatizo liko kwa mtumiaji. Akauliza, "Mtumiaji ni nani hapa?"

Nikamwaga unga siku hiyo hiyo. Sasa nina kibanda cha fotokopi karibu na ofisi za wilaya. Mashine mbili, moja inatafuna karatasi. Sijambo, usinihurumie.

Lakini wewe usikae na aibu. Aibu ni yake. Mwambie kila kitu, tena mwambie bila adabu, maana adabu nilishaijaribu mimi.

Karani wa zamani


Tarehe 2 Septemba

Msumari,

"Ndugu" nimeliacha, haliko mahali pake.

Uliuliza kama sina kazi. Ni kweli, kwa sasa sina. Nimesimamishwa kwa sababu ya mistari yako. Mama wa miaka sitini na mmoja alichomwa dawa iliyokufa, siku sita akawa hospitalini, binti yake akikaa kwenye benchi la nje akinitazama nikipita kama mtu anayetazama mwizi. Ninakuandikia saa nne asubuhi kwa sababu saa nne asubuhi sina pa kwenda.

Nimesoma kumbukumbu. Uliambiwa miaka sita iliyopita. Uliambiwa tena miaka miwili iliyopita. Yule wa kwanza alifukuzwa, na jibu lako ndilo lililosomwa kwenye kikao cha kumfukuzia. Wewe uliandika maneno manne ukaenda kula, yeye akaenda nyumbani moja kwa moja.

Sikuombi urafiki. Nataka ukurasa mmoja tu, wenye saini: kasoro ipo, ni ya programu, ilianza lini. Uutume kwa mkuu wa zahanati yangu kabla ya tarehe 10. Anwani yake iko chini ya barua hii. Na uwatangazie wote mia nne wakague rafu zao.

Mstari wa tatu nimeusogeza. Sasa una nafasi mbili. Na majaribio nimeandika manne.

Mtunza Stoo


Tarehe 8 Septemba

Msumari,

Siku sita kimya. Nikadhani labda unaumwa, nikakuonea huruma kidogo. Nimeirudisha.

Jana limetoka toleo jipya la Ghala. Kwenye orodha ya mabadiliko, baada ya rangi ya vitufe, umeandika: "usafi mdogo wa msimbo". Nikafungua huo usafi. Mistari minane. Inamuuliza mtumiaji kama orodha inaanza na siku au na mwezi. Wale watumiaji wako wanaolia! Na juu yake, jina lako peke yake.

Kwenye maelezo ya mstari wa sita pana neno "mwihso". Ni kosa la vidole vyangu. Mimi niliyesahihisha makosa yako arobaini kasoro mawili, hilo langu lilinipita, nawe ukalibeba kama lilivyo. Hata katika kuiba hukusoma unachokiiba.

Halafu fikiri. Umeziba tundu bila kumwambia mtu kwamba lilikuwepo. Tarehe zilizoshageuka zimebaki zimegeuka. Kila rafu iliyokuwa na dawa mbovu juzi inayo leo, na mwenye rafu anaona kila kitu ni kizima. Uliwahi kunipa nafasi ya kukuheshimu kwa bahati mbaya, sasa umeifunga kwa makusudi.

Kikao ni keshokutwa.

Mtunza Stoo


Tarehe 9 Septemba, asubuhi

Mtunza Stoo,

Hakuna timu. Nakuambia ili ujue unampigia kelele nani. Walikuwepo wanne mwanzoni, wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru mzuri. Timu ni mimi na meza moja nyuma ya duka la vipuri la shemeji yangu. Miaka kumi na moja. Zahanati mia nne zinakula kwa mkono wangu, na katika miaka hiyo yote walioniandikia kunishukuru wanajaa kwenye kiti kimoja. Wanaoandika ni wanaolalamika, na katika kumi wanaolalamika, tisa hawajawasha kompyuta. Ukijibu wapumbavu elfu moja, wa elfu na moja humtazami usoni.

Orodha yako niliipakia. Ishirini na moja ziligeuka, kama ulivyosema. Niliitazama muda mrefu.

Unataka nitangaze. Unajua watakachosema? Wenye makosa yao wenyewe, waliosahau jokofu limezimwa, wote watasema ni Ghala. Watanila mzima. Nimeziba, inatosha. Jina lako nitaliweka kwenye rekebisho, na neno lako bovu nimelisahihisha. Tumalizane hapo.

Msumari


Tarehe 9 Septemba, mchana

Kwa wote wanaotumia Ghala,

Mimi ni mtunza stoo, si msimamizi wa mradi huu. Nawaandikia kupitia orodha ya barua iliyo wazi kwetu sote.

Kama mmewahi kupakia orodha ya msambazaji, Ghala inaweza kuwa imegeuza siku na mwezi. Toleo jipya linazuia kosa lisitokee tena, halirekebishi yaliyokwisha kutokea. Tafadhali msiiamini skrini leo. Nendeni kwenye rafu, mshike boksi, msome tarehe iliyochapwa. Anzeni na insulini, chanjo na dawa za watoto.

Mkikuta iliyoisha muda, jibuni hapa hapa na mweke picha. Mtu akiwaambia tatizo liko kwenu, mnionyeshe.

Mtunza Stoo


Tarehe 12 Septemba

Dada,

Nimerudi kazini. Acha nikueleze tangu mwanzo.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha chanjo, viti vya plastiki, mizani ya watoto pale pembeni. Walikuwa watano. Mkuu wa zahanati akafungua faili, akasema, "Saini hii ni ya nani?" Nikasema yangu. "Boksi ulilisoma?" Nikasema sikulisoma, hilo ni kosa langu na sitalipeleka kwa mtu. Nikawawekea mezani picha. Kwa mchana mmoja na asubuhi ile, zahanati thelathini na tatu zilikuwa zimejibu. Dada, ungeona! Maboksi na maboksi, kila moja limeshikwa na mkono wa mtu tofauti. Muuguzi mmoja alikuwa ameshajaza sindano, akaimwaga.

Mjumbe mmoja, yule mwenye tai, akasema, "Picha kila mtu anaweza kupiga. Mwenye programu anasemaje?" Nilijua anasemaje.

Mkuu akavua miwani, akasema, "Ameandika. Imeingia leo asubuhi." Akaisoma. Nimeomba nakala, nakunukulia yote, ni fupi:

"Mkuu wa zahanati. Mimi ndiye niliyeandika Ghala. Mtunza stoo wenu ni mjuaji, ana mdomo, na ameniharibia mwezi mzima. Pia alikuwa sahihi. Kasoro ni yangu, ilianza miaka saba iliyopita. Niliambiwa mara tatu, nikawatukana wote watatu. Mkitaka kumfukuza, tafuteni sababu nyingine, hii ni yangu."

Mwenye tai akasema, "Huyu mtu ana adabu mbaya sana." Mkuu akasema, "Lakini amejibu swali lako." Nimepewa onyo la maandishi kwa kutosoma boksi. Nimelipokea, ni haki. Mama wa sukari yuko nyumbani kwake. Nilikwenda kumwona, binti yake hakunikaribisha ndani, nikampa pole mlangoni.

Mtunza Stoo


Tarehe 13 Septemba

Msumari,

Barua yako ilisomwa. Asante sikupi. Mtu hashukuriwi kwa kuondoa mguu wake juu ya mguu wa mwenzake.

Umebakiza moja. Karani wa dawa, miaka sita iliyopita. Mwandikie yeye mwenyewe, na nakala iende kwa ofisi iliyomfukuza. Anwani zote mbili ziko hapa chini. Uiandike wewe, usiniombe mimi nikusahihishie.

Mtunza Stoo


Tarehe 20 Septemba

Mtunza Stoo,

Nimeandika. Ilinichukua siku mbili, muda mrefu kuliko msimbo wowote niliowahi kuandika, na sina hakika kama inafanya kazi. Ile ofisi imejibu kwamba mkuu wa wakati ule alishastaafu na faili halionekani. Nimewajibu kwamba sikuwauliza kuhusu faili.

Orodha ya barua imefikia zahanati mia moja na tisa. Tisini na kitu wanakuuliza wewe, mimi wananitukana. Sasa sikiliza. Nimekufungulia milango yote ya mradi. Unaweza kupitisha, kukataa, kutangaza, hata kunitoa mimi. Usidhani ni zawadi. Utapata barua arobaini kwa wiki, na thelathini na nane zitakuwa za watu ambao hawakusoma mwongozo. Nione hiyo heshima yako itadumu miezi mingapi.

Kesho naanza kurekebisha tarehe zilizoshageuka. Nitahitaji mtu wa kunikagua. Usichelewe kunijibu, sipendi kusubiri.

Msumari


Tarehe 28 Septemba

Mdogo wangu,

Barua ya bwana wako wa vipuri imefika, ya karatasi, ina muhuri kabisa. Nikafunga kibanda saa nzima nikaisoma. Kiswahili chake kibovu, tahajia ndiyo usiseme, na katikati ananilaumu kwamba nilikata tamaa mapema. Nilikaribia kuichana. Lakini mstari wa mwisho ameandika: "Karani huyu hakukosea kitu. Mimi ndiye mpumbavu aliyemwita mpumbavu." Nikairudisha kwenye bahasha.

Watu wananiuliza sasa utarudishwa kazini? Nirudishwe nikamfanyie nani kazi, wale? Nasikia sasa wewe ndiye unayefungua na kufunga kwenye huo mradi, hongera, kaza uso lakini usiwe kama yeye. Mimi niko sawa hapa nilipo, na ile mashine inayotafuna nimeitengeneza.

Jana nimeipa kazi ya maana. Nimeilaza barua yake juu ya kioo, nikatoa nakala ishirini na moja, safi, wino mweusi. Moja kwa kila aliyekuwa amekaa kwenye kile chumba siku ile wakati mimi nimesimama. Waliostaafu nimetafuta nyumba zao. Aliyehamishwa nimempelekea kwa posta. Yule mkuu wangu nimempelekea kwa mkono. Alifungua mlango amevaa kandambili, akaniuliza nimeleta nini.

Nikamwambia, "Soma kwa sauti."

Nami nikasubiri pale pale mlangoni mpaka akamaliza.

Dada yako wa fotokopi